Chandarua Chako Bado Kinafanya Kazi? Jinsi Kinavyopimwa na Jinsi ya Kukikagua Nyumbani

"Sista, hiki chandarua bado kina dawa kweli?"

Hili ni swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki ya watoto. Mama ana chandarua cha miaka miwili au mitatu, kimeshafuliwa mara kadhaa, kina matundu mawili matatu, na asubuhi anaona mbu wakiwa hai ukutani. Anajiuliza kama kuna maana ya kuendelea kukishusha kila jioni.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kuna siku nililijibu swali hili vibaya. Nilimtembelea mama mmoja nyumbani kumwangalia mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Nilikishika chandarua chao, nikaona matundu, nikasema, "Mama, hiki kimekwisha." Sikupima chochote, wala sikuwa na kipya cha kumpa. Mama alinisikiliza. Alikitoa kitandani, akafunikia banda la kuku, akawa anasubiri kingine. Wiki tatu baadaye mtoto aliletwa zahanati akiwa na homa kali na degedege. Kipimo kilionyesha malaria. Tukampa dawa ya kuanzia na rufaa, akalazwa, na tunamshukuru Mungu alipona. Nilipomuuliza mama kuhusu chandarua alinijibu kwa upole, "Si ulisema kimekwisha, Sista?"

Ninayakumbuka matundu ya chandarua kile. Matatu yalikuwa madogo, ya kuingiza ncha ya kidole. Mawili yalikuwa ya kupitisha vidole vitatu. Ukifika katikati ya makala hii utaona kwamba, kwa hesabu wanayotumia wataalamu, chandarua kile kilikuwa bado kizuri.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Nitakueleza jinsi vyandarua vyenye dawa vinavyopimwa kabla ya kukufikia, kitu gani huwezi kukipima mwenyewe nyumbani, na kitu gani unaweza kukipima leo hii kwa mkono wako.

Mambo ya kushika

- Dawa iliyo kwenye chandarua haionekani wala hainusiki. Huwezi kujua imebaki kiasi gani kwa kuangalia.
- Mbu walio hai asubuhi si ushahidi kwamba chandarua kimeharibika.
- Unachoweza kukipima mwenyewe ni matundu. Tumia kidole gumba, ngumi na kichwa.
- Chandarua cha zamani hakitoki kitandani mpaka kipya kiwe mkononi.

Chandarua chenye dawa kinakulindaje?

Malaria huenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi, ambaye huuma zaidi usiku. Huvutwa na pumzi na harufu ya mwili wa mtu. Akikufuata kitandani, anatua kwenye chandarua na kuanza kutembeatembea akitafuta pa kuingilia. Hapo chandarua kinafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuwa ukuta. Mbu hapiti, mtoto haumwi.

Kazi ya pili ni ya dawa. Nyuzi zake zina dawa ya kuua wadudu, na mbu huichukua kwa miguu yake anapotembea juu ya chandarua. Hii ndiyo sababu chandarua chenye dawa kinaendelea kusaidia hata kikiwa na matundu machache. Mara nyingi mbu anagusa dawa kabla hajalipata tundu.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama wengi hawajaambiwa. Mbu aliyekunywa damu yenye vimelea vya malaria hawezi kumwambukiza mtu siku ya pili yake. Vimelea vinahitaji kukua ndani ya mbu kwa siku 10 hivi au zaidi kabla hajaweza kuambukiza. Kwa hiyo mbu anayegusa chandarua chako leo na kufa keshokutwa, huko nje usikomuona, hatafika siku ya kumwambukiza mtoto wako wala wa jirani. Nyumba nyingi zikitumia vyandarua, mtaa mzima unapata nafuu.

Faida hii imepimwa kwa watoto wenyewe. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto chini ya miaka 5 kwa asilimia 33, yaani theluthi moja. Kwetu Tanzania, katika bonde la Kilombero na Ulanga, watafiti walikuta uwezekano wa mtoto mdogo kuishi umeongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa.

Chandarua hupimwaje kabla ya kukufikia?

Chandarua kinachogawiwa kliniki hakitoki kiwandani moja kwa moja mpaka kitandani kwako. Dawa yake inachunguzwa kama ni salama kwa watu, wakiwemo watoto wachanga na wajawazito, na uwezo wake dhidi ya mbu unapimwa kwa hatua. Vipimo hivi vinafanyika hapa kwetu pia. Taasisi ya Afya Ifakara inavifanya Bagamoyo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina eneo la majaribio Muheza, mkoani Tanga.

Hatua ya 1: Kipimo cha koni

Mtaalamu anakata kipande cha chandarua na kukiwekea koni ndogo za plastiki juu yake. Ndani ya kila koni anaingiza mbu jike 5 waliofugwa maabara. Mbu wanakaa juu ya chandarua kwa dakika 3 tu. Kisha wanahamishiwa kwenye vikombe na kupewa maji ya sukari. Baada ya dakika 60 wanahesabiwa walioanguka, na baada ya saa 24 wanahesabiwa waliokufa.

Ili chandarua kifaulu, angalau mbu 95 kati ya 100 wawe wameanguka, au angalau 80 kati ya 100 wawe wamekufa. Pembeni huwekwa chandarua kisicho na dawa. Kama mbu wengi wanakufa hata kwenye hicho, kipimo kinatupwa na kurudiwa, kwa sababu kitu kingine ndicho kimewaua.

Kipimo hiki kinafanyika kwa chandarua kipya na pia kwa chandarua kilichofuliwa mara 20. Kila ufuaji una kanuni zake: kinatikiswa kwenye maji ya sabuni kwa dakika 10, kisha kinasuuzwa mara mbili. Vyandarua hivi huitwa vya muda mrefu kwa sababu vinatakiwa kubaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20, na kutumika kwa miaka 3 nyumbani.

Hatua ya 2: Kipimo cha usiku kucha

Kama koni haikutoa jibu zuri, chandarua hupewa nafasi nyingine. Mbu wanawekwa upande mmoja wa sanduku refu la kioo, na upande wa pili anawekwa mnyama mdogo, kwa mfano sungura. Katikati panakuwa na kipande cha chandarua chenye matundu 9 yaliyotobolewa makusudi. Mbu wakitaka damu lazima wapite hapo. Asubuhi wataalamu wanaangalia ni wangapi wamekufa na ni wangapi wameshindwa kunywa damu. Mbu aliyekufa ni faida, na mbu aliyekosa damu ni faida pia.

Hatua ya 3: Vibanda vya majaribio

Hapa ndipo chandarua kinapokutana na mbu wa mtaani. Vinajengwa vibanda vinavyofanana na nyumba zetu za kawaida, katika maeneo yenye mbu wengi. Watu wazima waliokubali kwa hiari yao wanalala humo ndani ya chandarua, na afya zao zinafuatiliwa. Chandarua chenyewe kinakatwa matundu 6, kila moja sentimita 4 kwa 4, ili kifanane na kile kilichokwisha kutumika nyumbani.

Asubuhi na mapema mbu wote wanakusanywa, ndani ya chandarua, ukutani, sakafuni na kwenye mitego ya madirishani. Wanatenganishwa: walio hai na waliokufa, walioshiba damu na wasioshiba. Walio hai hawaachiwi. Wanawekwa kwenye vikombe na kuangaliwa kwa saa 24, na kwa dawa nyingine hadi saa 72.

Vibanda hivi vimezungukwa na mfereji mdogo wa maji. Kazi yake ni kuzuia sisimizi, maana wanabeba mbu waliokufa na kuharibu hesabu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Hatua ya 4: Majumbani

Mwisho chandarua kinapelekwa kwa familia na kufuatiliwa kwa miaka 3. Wataalamu wanarudi kuangalia kama bado kipo, kama kinatumika na kina matundu mangapi. Baadhi ya vyandarua vinachukuliwa na kurudishwa kwenye kipimo cha koni, na familia inapewa kingine.

Mbona mimi naona mbu walio hai?

Akina mama wengi huacha kutumia chandarua kwa sababu hii. Naomba uyasome haya mambo manne taratibu.

La kwanza: mbu si wa aina moja. Wengi wanaokupigia kelele sikioni usiku, hasa mijini kwenye mitaro na mashimo ya maji machafu, ni mbu aina ya Kuleksi. Hao hawaenezi malaria, ingawa wanaweza kueneza matende. Kuwaona hakukuambii lolote kuhusu mbu wa malaria.

La pili: mbu aliyekufa huwezi kumhesabu. Sisimizi wanambeba, ufagio unamzoa, au amekwenda kufia nje. Watafiti wanaochimba mfereji kuzunguka kibanda wanajua kwamba sakafu peke yake haisemi ukweli.

La tatu: mbu wamekuwa sugu. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitumia dawa za kundi moja linaloitwa pirethroidi, na katika maeneo mengi mbu wamezizoea. Hilo ni kweli na si la kufichwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia suala hili katika nchi 5, Kenya ikiwa mojawapo, na likakuta kwamba hata penye usugu, waliolala ndani ya chandarua waliugua malaria kwa kiasi kidogo kuliko wasiolala. Ukuta unabaki kuwa ukuta.

La nne: dawa mpya hazifanani na za zamani. Baadhi ya vyandarua vya sasa vina dawa ya pili inayoitwa klofenapiri. Dawa hii haimwangushi mbu papo hapo. Anaweza kuruka, kutua ukutani, na kufa baada ya siku moja, mbili au tatu. Mtu akimtazama asubuhi anasema chandarua hakina kazi, na kumbe mbu yule ameshapata dozi yake.

Hili la nne lilipimwa Misungwi, mkoani Mwanza. Watafiti walilinganisha aina nne za vyandarua kwa kupima malaria kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14. Baada ya miaka 2, kwenye vijiji vilivyopewa vyandarua vya pirethroidi peke yake, watoto 46 hivi kati ya kila 100 walikutwa na malaria. Kwenye vijiji vyenye vyandarua vya pirethroidi na klofenapiri, walikuwa 26 hivi kati ya 100. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya aina hiyo kwa maeneo ambayo mbu wamekuwa sugu.

Mambo ambayo si kipimo

Nimeyasikia haya kliniki, na mengine niliwahi kuyasema mwenyewe.

- Harufu. Chandarua kipya kina harufu, na inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Kupungua kwa harufu si kuisha kwa dawa.
- Kuwashwa. Watu wengine huwashwa ngozi kidogo siku za mwanzo. Kutowashwa tena si dalili ya kuisha dawa.
- Kunguni. Kunguni wengi hawafi tena kwa dawa za kundi la pirethroidi. Kunguni akibaki kitandani haina maana kwamba mbu naye amepona.
- Mende au nzi aliyewekwa juu ya chandarua. Kiasi cha dawa kimepangwa kwa ajili ya mbu.
- Rangi na vumbi. Chandarua kilichofubaa kinaweza kuwa na dawa ya kutosha, na kinachong'aa kwa kufuliwa kila wiki kinaweza kuwa kimeishiwa.

Kujua kiasi cha dawa kilichobaki kunahitaji maabara. Kama miaka 3 haijaisha na umekifua kwa utaratibu, endelea kukiamini.

Unachoweza kupima mwenyewe: matundu

Sasa tufanye kazi. Kipimo hiki ndicho wanachotumia watafiti wanapotembelea majumbani. Kinachukua dakika chache na hakihitaji kifaa.

Kifungue chandarua mchana, palipo na mwanga. Mtu mwingine akishike upande wa pili. Anzia juu, shuka pande zote nne, na malizia chini. Usisahau mishono, pembe za kamba, na sehemu ya chini unayochomekea, maana ndiyo inayosuguana na chaga za kitanda. Kila tundu lipime kwa mkono wa mtu mzima, ulipe pointi:

- Tundu dogo kuliko kidole gumba: pointi 1. Vitundu vidogo sana, vya chini ya nusu sentimita, usivihesabu.
- Tundu kubwa kuliko kidole gumba lakini ngumi haipiti: pointi 23.
- Tundu ambalo ngumi inapita lakini kichwa hakipiti: pointi 196.
- Tundu ambalo kichwa kinapita: pointi 576.

Tundu ulilokwisha kulishona vizuri halina pointi. Jumlisha zote, kisha soma:

- Pointi 0 hadi 64: chandarua ni kizuri. Kitumie.
- Pointi 65 hadi 642: kimeharibika, lakini bado kinalinda. Kitumie na ushone matundu.
- Pointi 643 na kuendelea: kimechanika mno. Kinahitaji kubadilishwa. Endelea kukitumia wakati unatafuta kingine.

Turudi kwenye chandarua cha yule mama. Matundu 3 madogo kuliko kidole gumba ni pointi 3. Matundu 2 ya kupitisha vidole vitatu ni 23 mara mbili, yaani 46. Jumla ni 49. Kilikuwa chandarua kizuri, nami nilimwambia kimekwisha.

Huu ni mfano mwingine. Chandarua kina tundu moja la kupitisha kichwa, pointi 576, na matundu 3 ambayo ngumi haipiti, pointi 69. Jumla ni 645. Hicho kimevuka mpaka. Lakini angalia: ukilishona lile tundu moja kubwa, jumla inashuka hadi 69. Uzi na sindano vimekirudisha chandarua kazini. Kwa hiyo ukiwa na muda mchache, anza kushona tundu kubwa kuliko yote.

Kukishona na kukitunza

Shona kwa sindano na uzi wa kawaida. Kama tundu ni kubwa, tumia kipande cha chandarua kingine kikuukuu. Kufunga fundo pia kunasaidia kwa muda. Shona mara tu unapoliona, kwa kuwa tundu dogo hukua kila mtoto anapolivuta.

Matundu mengi hutokana na mambo ya nyumbani: misumari na mbao za kitanda, kibatari, mshumaa, panya wanaofuata makombo ya chakula, na watoto wanaocheza. Asubuhi kikunje au kifunge fundo juu, mbali na watoto. Usile kitandani. Usiweke moto wowote karibu nacho.

Kuhusu kufua:

- Fua kinapochafuka, lakini isizidi mara moja kila baada ya miezi 3.
- Tumia maji baridi na sabuni ya kawaida ya mche. Usitumie Jiki, sabuni kali ya unga wala maji ya moto.
- Usikisugue kwenye jiwe wala kwa brashi. Kibonyeze taratibu kwa mikono.
- Anika kivulini. Jua kali linaharibu dawa.
- Usifulie mtoni wala ziwani. Maji ya kufulia yamwage chooni au kwenye shimo mbali na kisima, kwa sababu dawa hii ni hatari kwa samaki.

Ukifua mara moja kila miezi 3, kwa miaka 3 utakuwa umefua mara 12. Kumbuka kwamba maabara walikifua mara 20. Ukifua kila wiki, utafikisha hizo 20 kabla ya miezi mitano.

Chandarua kipya kitoe kwenye mfuko na ukitundike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia. Mfuko wake usiuwekee chakula wala maji ya kunywa.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mtoto wangu huweka chandarua mdomoni. Ni hatari?

Kiasi cha dawa ni kidogo na kimepimwa kwa kuwazingatia watoto. Mfute mdomo na mikono kwa maji, kisha chomekea chandarua vizuri ili asikivute.

Chandarua ni kimoja na tuko wengi. Nani alale ndani?

Kila mtu anastahili kulala ndani ya chandarua. Lakini kama hakitoshi, watangulize watoto wa chini ya miaka 5 na mjamzito, kwa sababu malaria huwashambulia vibaya zaidi. Tafuta vingine haraka.

Tunalala chini kwenye mkeka. Kitasaidia?

Ndiyo. Kitundike kiasi kwamba kinafika chini, halafu pindo zake zikunje chini ya mkeka pande zote.

Kipya nitakipata wapi?

Tanzania Bara, mama mjamzito hupewa chandarua bila malipo anapoanza kliniki, na mtoto hupewa anapokuja kupata chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 9. Kama hukupewa, uliza. Kuna mikoa ambayo wanafunzi hugawiwa shuleni. Ukinunua dukani, hakikisha kuna lebo iliyoshonewa inayotaja dawa yake. Vyandarua vingi vya dukani havina dawa kabisa.

Cha zamani nikifanyie nini?

Kwanza, kipya kitundikwe. Baada ya hapo muulize mhudumu wa afya wa eneo lako utaratibu wa kukusanya vikuukuu. Unaweza pia kukata vipande vya kuzibia madirisha. Usikichome moto nyumbani, na usikitumie kuvulia samaki wala kukitupa kwenye maji.

Chandarua ni kizuri, mtoto ana homa. Je, si malaria?

Inaweza kuwa malaria. Hakuna chandarua kinacholinda kwa asilimia 100, na mbu wengine huuma jioni kabla ya kulala. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, isipite saa 24. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Usimpe dawa ya malaria bila kipimo. Kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, hiyo ni dharura. Ondoka naye wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Leo kabla ya kulala

Yule mama bado ananiletea mtoto wake kliniki. Sasa ana miaka minne na anakimbia. Chandarua chao cha sasa kina mwaka wa pili, na mara ya mwisho nilipowatembelea hakunisubiri nikiangalie. Alikuwa ameshahesabu. "Pointi 24, Sista," aliniambia, "na lile la 23 nimeshalishona." Ikabaki 1.

Leo, kukiwa bado na mwanga, kishushe chandarua chako. Pitisha kidole gumba, ngumi, na uangalie kama kuna tundu la kupita kichwa. Hesabu, shona, kisha kichomekee pande zote watoto wakiwa ndani. Na mtu yeyote akikwambia kimekwisha, hata kama ni muuguzi, mwombe akuonyeshe hesabu yake na akupe kipya kwanza.